Mwanangu nusura azame mbele ya watu wazima zaidi ya kumi, sasa naambiwa mimi ndo mwoga

Anti shikamoo,

Naomba unishauri manake hapa nyumbani tumefika mahali hatuongei vizuri kisa likizo ambayo hata haijaanza.

Nina watoto wawili, wa kike ana miaka saba na wa kiume anakaribia minne. Ukweni kwangu ni familia kubwa na wanapendana kweli, hapo sina la kusema, kila msimu wa joto lazima wakutane wote, mashemeji, mawifi, babu, bibi na watoto wa kila umri. Mara ya mwisho tulikodi nyumba yenye bwawa la kuogelea. Mchana mmoja tumekaa pembeni ya bwawa, watu wazima zaidi ya kumi, stori zinaendelea, mziki uko chini kabisa, mwanangu kakaa kwenye ngazi za kuingilia majini, zile za juu, anateka maji na kikombe cha plastiki anamwaga. Nikaingia ndani kumtafutia dada yake taulo na nikasema kabisa jamani mwangalieni huyu, wakaitikia "tupo".

Sikukaa sana huko ndani. Natoka nakuta binti wa shemeji, ana miaka kumi na nne, kamshika mwanangu kwapani anamvuta nje ya maji, mtoto macho yamemtoka, halii, midomo imebadilika rangi, ndo akakohoa akatapika maji mengi afu ndo kilio kikaja. Binti anasema alimuona kasimama wima kwenye maji kama anacheza, kichwa kakilaza nyuma, mdomo unazama unatoka, unazama unatoka, akamwita jina hakugeuka ndo na yeye akaruka. Kiti cha mume wangu kilikuwa hapo hapo Anti, angenyoosha mguu angemgusa. Hakuna aliyesikia kitu, hata chubwi.

Mama mkwe akasema kanywa maji kidogo tu, watoto wote wanajifunza hivyo hivyo. Mume wangu akasema "si huyo mzima?" na stori zikarudi palepale. Usiku ule mtoto alikohoa sana, nikasema twende hospitali nikaambiwa nisimsumbue, kalala. Kulivyokucha kikohozi kikawa kimeisha na mpaka leo hana shida yoyote.

Sasa safari hii wamepata nyumba iko ufukweni kabisa, ukifungua mlango unakanyaga mchanga. Nimesema mimi na wanangu hatuendi. Imekuwa vita. Wifi anasema nitawafanya watoto wawe waoga wa maji maisha yao yote, mume anasema tutakuwa wengi, macho mengi, na ameshamnunulia mtoto vile viputo vya kupuliza vya kuvaa mikononi ili mimi nitulie. Na sio wadogo tu wananipa presha, kuna vijana wa kiume wakubwa kazi yao kushindana nani anakaa chini ya maji muda mrefu, na wababa nao bia zikishakolea wanataka kuogelea usiku.

Mimi mwenyewe sijui kuogelea, maji yakinifika kifuani moyo unaenda mbio. Labda ndo maana wanasema ni woga wangu tu. Naomba kujua, je nimezidisha? Nikienda nifanye nini bila kugombana na ukwe? Na mtu wa umri wangu, miaka 34, anaweza bado kujifunza kuogelea au ndo imepita?

Mama wa wawili


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Hujazidisha. Alichokielezea yule binti sio mtoto aliyekunywa maji kidogo, ni mtoto anayezama, tena kakielezea vizuri kuliko watu wazima wengi wangeweza. Sisi wengi tunajua kuzama kwa kwenye filamu, mtu anapunga mikono, anapiga kelele, maji yanaruka huku na huku, na mtu anayefanya hivyo kweli yuko kwenye shida ila bado ana pumzi na bado ana nguvu, anaweza hata kushika kamba ukimrushia. Anayezama hasa hayuko hivyo. Ili upige kelele lazima kwanza upumue, na mdomo wake unatoka juu ya maji kwa muda mfupi mno, unatosha kuvuta hewa kidogo, hautoshi kuita. Mikono hawezi kupunga kwa sababu mwili wenyewe unaipeleka pembeni kukandamiza maji ili kichwa kipande, sio kitu anachoamua. Mwili unakuwa wima, miguu haisukumi, kichwa kinalala nyuma. Aliyekuja kuyaeleza haya kitaalamu ni mwokoaji wa ufukweni wa kule New York anaitwa Francesco Pia, na alisema mtu katika hali hiyo ana kama sekunde 20 mpaka 60 tu kabla hajaenda chini moja kwa moja. Sasa wewe fikiria stori moja tu ya shemeji inachukua sekunde ngapi.

Kwaiyo ukiona mtoto aliyekuwa anapiga kelele za kucheza majini ghafla amenyamaza, hapo ndo pa kuinuka. Mwite jina. Asipojibu una sekunde chache, usianze kuuliza pembeni "hivi yule anacheza au?" Binti alimwita, hakugeuka, akaruka. Huyo mtoto mpe zawadi, sitanii, na umwambie mbele ya wote kwamba alichofanya ni kuokoa maisha, manake naona hapo ukweni hakuna aliyemwambia.

Mama mkwe wako sidhani kama ni mtu mbaya, kaona mtoto kalia basi kwake limeisha. Ila umwambie kwa heshima zake kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021 peke yake, na karibu robo yao ni watoto ambao hawajafika miaka 5. Hao nao walikuwa "wanajifunza".

Haya sasa, macho mengi. Hapa ndo naomba mumeo asome mwenyewe, mpe simu. Baba, mlikuwa zaidi ya watu kumi na macho yote yalikuwepo siku ile. Tatizo lilikuwa ni hao kumi wenyewe, kila mmoja anajua kuna mwenzake anaangalia, kwaiyo hakuna aliyekuwa anaangalia, na mkeo alipoaga akajibiwa "tupo" na kikundi kizima, jibu ambalo halina mwenyewe. Mtu mmoja tu angekuwa ameambiwa wewe fulani ndo unamwangalia mpaka nirudi, angegeuza kiti.

Dawa yake ni zamu, na ni kitu rahisi mpaka watu wanakidharau. Wakati wowote kuna mtoto majini au karibu na maji, kuna mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Tafuteni kitu cha kumtambulisha, filimbi ya kuvaa shingoni ni nzuri kwa sababu ina kazi mbili, au kofia moja ya rangi kali, anayeivaa ndo wa zamu. Dakika 15 au 20 zinatosha, zaidi ya hapo akili inaanza kutembea. Kwenye zamu hakuna simu, hakuna bia, hakuna kitabu, hakuna "nakuja sa hivi nachukua maji ya kunywa". Kama ana haja anamkabidhi mtu kwa jina, mama fulani chukua, na yule aitikie nimechukua na aivae filimbi, sio kuiacha mezani. Mkiwa wengi hivyo zamu inakufikia mara chache tu kwa siku na muda wote uliobaki mnapiga stori zenu kwa amani, kwa kweli hata starehe inaongezeka.

Kwa mwanao wa kiume ongeza sharti lingine. Mtoto wa chini ya miaka mitano majini anakuwa na mtu mzima wake ndani ya maji, karibu kiasi cha kumgusa kwa kunyoosha mkono. Kumwangalia ukiwa kwenye kiti hakutoshi hata kama wewe ndo wa zamu.

Vile viputo vya mikononi, samahani baba, hela imeenda. Ni midoli. Vinapasuka, vinachomoka mkono ukiloa, na kibaya zaidi vinamfundisha mtoto kwamba majini ukisimama wima unaelea tu, kwaiyo siku vikivuliwa anaingia vilevile kwa kujiamini. Kama mnataka kitu cha kumsaidia nunueni laifu jaketi la kweli, la uzito wake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, na mlijaribu nchi kavu, mvalishe ufunge kila kitu afu shika mabegani uvute juu, likipanda mpaka masikioni ni kubwa, litamvuka akiwa majini. Hata akilivaa zamu ipo palepale. Nguo ya kuogelea nayo chagua machungwa, njano au kijani ya kung'aa, zile za bluu bahari na nyeupe ni nzuri kwenye picha ila mtoto akienda chini humuoni.

Ufukwe sasa ni habari nyingine na bwawa. Chagueni kuogelea sehemu yenye waokoaji, na kama kuna bendera za nyekundu na njano ogeleeni katikati yake, nyekundu tupu usiingie hata kama maji yanaonekana yametulia. Hasa yakionekana yametulia! Kuna kitu kinaitwa mkondo wa kurudi baharini. Mawimbi yanaleta maji ufukweni, yale maji lazima yarudi, yanatafuta njia moja nyembamba na kutoka nayo kwa kasi, wakati mwingine zaidi ya mita mbili kwa sekunde, hakuna muogeleaji hata wa Olimpiki atashindana nayo. Na ukiwa umesimama mchangani ile njia inaonekana kama sehemu yenye afadhali, mawimbi hayavunjiki pale, maji yana rangi nzito kidogo, povu na takataka zinaelekea ndani badala ya kuja nje. Watu wanawapeleka watoto wao palepale wakidhani wamewatafutia patulivu. Ukinaswa usipigane nao kurudi ulikotoka, wengi wanaokufa pale wanakufa kwa kuchoka. Mkondo haukuvuti chini, unakupeleka mbele tu. Lala chali, elea, tulia upumue, nyoosha mkono juu uonekane, na kama una nguvu ogelea kwa kufuata ufukwe, kushoto au kulia, mpaka utoke kwenye ile njia ndo urudi. Yale magodoro na maboya ya kupuliza myaache kwenye bwawa, upepo ukitoka nchi kavu yanaondoka na mtoto juu yake na hakuna atakayemfikia kwa kuogelea.

Nakuja kwenye kitu ambacho watu hawakitegemei. Watoto wadogo wengi wanazama wakati ambao wala sio wa kuogelea. Siku mnayofika, kila mtu anashusha mabegi, milango iko wazi, wakubwa wanagombania vyumba, mtoto kaona maji dirishani. Au alfajiri watu wamelala. Kwenye hiyo nyumba, kabla begi hata moja halijashuka, mtu mmoja achukue wadogo wote awe nao, mwingine akague milango ya upande wa bahari, komeo liwe juu ambako mtoto hafiki. Kama kuna bwawa liwe na uzio pande zote nne, sio pande tatu na ya nne ni ukuta wa nyumba wenye mlango, na geti lijifunge lenyewe. Mkimaliza kuogelea toeni midoli yote majini, kikombe kinachoelea kinamuita mtoto. Ndoo na beseni mwageni pia, kwa mtoto anayetambaa maji ya sentimita chache yanatosha.

Wale vijana wanaoshindana kukaa chini ya maji, wakatazwe leo, na waambiwe sababu manake ukiwaambia "ni hatari" wanacheka. Kabla ya kuingia chini ya maji wanavuta pumzi harakaharaka nyingi, wanadhani wanajaza oksijeni. Oksijeni haiongezeki kiasi hicho, kinachotokea ni kwamba wameitoa kaboni dayoksaidi, na hiyo ndo inayouambia mwili sasa pumua. Kwaiyo ile hamu ya kupumua inachelewa, oksijeni inaisha kwanza, kijana anazimia chini ya maji bila dalili yoyote, bila hata kuhisi vibaya, na wenzake juu wanahesabu wanasema leo kavunja rekodi. Kinawapata hasa wanaojua sana kuogelea. Na kuruka kichwa mbele kwenye maji ambayo hujui kina chake ni shingo hiyo, wengine hawafi ila hawatembei tena. Bia na kuogelea usiku sina maneno mengi, aliyekunywa haingii, akikasirika akasirike akiwa nchi kavu.

Umesema hujui kuogelea, na labda unadhani kwa sababu hiyo huna msaada wowote. Sio kweli, tena mtu anayejua hajui ana afadhali, hataruka. Huwa inatokea mtoto anazama, baba anaruka, mjomba anamfuata baba, wanatolewa watatu. Anayezama akikushika anakupanda ili apate hewa, hajui kama wewe ni ndugu yake. Wewe piga filimbi, ita mwokoaji, mrushie kitu kinachoelea, dumu tupu lililofungwa kifuniko linafanya kazi vizuri kabisa, kama una kamba lifunge, au lala kifudifudi ukingoni umnyooshee fimbo, taulo, chochote kirefu. Hilo dumu na kamba viwe pale ufukweni kila siku, sio garini.

Akishatolewa kama hapumui, mtu mmoja anapiga simu ya dharura mwingine anaanza palepale. Kwa aliyezama tunaanza na pumzi kwa sababu kilichokosekana ni hewa, mlaze chali, inua kidevu, puliza pumzi tano ukiona kifua kinapanda, akiwa bado kandamiza kifua katikati mara 30 kwa nguvu na kwa haraka, mbili kila sekunde hivi, pumzi mbili, tena 30, usiache mpaka apumue au wataalamu wafike. Msimning'inize miguu juu wala kumbinya tumbo ili maji yatoke, mnapoteza muda na akitapika yanarudi mapafuni. Nenda kajifunze kwa mikono yako kabla ya safari, mafunzo ya huduma ya kwanza yapo hata ya siku moja tu, hayahitaji kujua kuogelea.

Na mtoto aliyetolewa anapumua ila anakohoa sana, anahema kwa shida, ana usingizi usio wa kawaida au anatapika, huyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Ulikuwa sahihi usiku ule. Mapafu yakiguswa na maji dalili zinajionyesha ndani ya masaa, kwaiyo usije ukakaa na hofu kwamba leo hii mwanao bado ana maji ndani, hayapo, kapona. Ila "kalala" isitumike tena kama jibu.

Kuhusu ugomvi. Mimi ningeenda, lakini kwa masharti. Usiyapeleke kwenye kikao cha ukoo wala kwenye grupu la WhatsApp, wifi atajibu kwa emoji na utakasirika bure. Kaa na mumeo peke yenu, umsimulie alichokiona binti, polepole, bila kumtajia kiti chake, kile kiti anakijua na nadhani ile "si huyo mzima" ilitoka kwa mtu aliyeogopa kuliko wewe. Umuombe yeye ndo awaambie ndugu zake habari ya zamu, awe wa kwanza kuvaa filimbi. Kutoka kwake ni utaratibu, kutoka kwako itakuwa ni mke wa fulani na presha zake. Akikataa kabisa hata hiyo, basi baki nyumbani na watoto na wala usijieleze mara mbili.

Wifi kuna kitu kasema cha kweli, mtoto asiachwe na ile hofu. Wote wawili waanze masomo kabla ya safari. Wa kike hapo alipo ndo umri wake hasa, na mwalimu asikuridhishe kwa mitindo, muulize kama mtoto anaweza kuanguka kwenye maji yanayomzidi kimo, akaibuka, akaelea dakika moja, akageuka akatafuta pa kutokea, akaogelea mita kama 25 na kujitoa bila ngazi. Mdogo naye anaweza kuanza na mwalimu anayejua wadogo, ila masomo hayapunguzi ile sheria ya mkono kwa mkono.

Miaka 34 haijapita kitu, watu wanaanza wakiwa na wajukuu. Mwambie mwalimu ukweli kwamba maji ya kifuani yanakupandisha moyo, na uombe wiki za mwanzo zote ziwe za kuelea chali tu kwenye kina kifupi, mkono wake mgongoni mwako, mpaka masikio yakizoea kuwa ndani ya maji, manake wengi wanaoshindwa wanashindwa hapo kwenye masikio, na wengi wanaharakishwa kupiga mikono kabla hawajaamini kwamba maji yanabeba. Mwalimu akikusukuma kwenye kina kirefu ili "uzoee", badilisha mwalimu.